Mgonjwa kibogoyo akikatwa taya: jinsi ya kumrudisha kwenye kula na kusema

Wanaonifikia wakiwa wamechelewa, miezi mingi baada ya kukatwa taya, huwa wamekwisha kupoteza kitu ambacho mikono yangu haiwezi kukirudisha chote. Shavu limeingia ndani, kovu limekakamaa, kinywa hakifunguki vizuri, na mwenyewe amezoea uji kumtokea puani na kujifungia chumbani wageni wakija. Kwa hiyo namwandikia zaidi yule ambaye karatasi ya rufaa bado iko mkononi na mgonjwa wake hajalazwa.

Mimi ni fundi wa meno bandia, naishi na kufanya kazi Moshi. Kisu ni cha daktari. Vyangu ni nta, plasta na akriliki, ile plastiki ngumu ya meno bandia. Wamenipitia wazee wa Rombo, wa Machame, wa Uru, na wengine wa upande wa Arumeru, wengi wao wakiwa vibogoyo tangu kabla ya ugonjwa. Kazi ya kibogoyo ni ngumu kuliko ya mtu mwenye meno, na familia ikielewa sababu yake mapema itajua cha kuomba.

Sababu yenyewe

Taya la juu ni dari ya kinywa na sakafu ya pua. Uvimbe ukitolewa pamoja na kipande cha kaakaa, kinywa na pua vinakuwa chumba kimoja. Maji yanapanda puani, na pumzi inayobeba maneno inapotelea hukohuko. Mgonjwa akisema "baba" unasikia "mama"; akisema "dada" unasikia "nana". Tunachomtengenezea ni kizibo, ambacho kwenye faili daktari hukiandika obtureta: ni meno bandia ya juu yenye donge mgongoni, na donge hilo linaingia kwenye shimo na kuliziba.

Mtu aliyebakiwa na meno upande mmoja, kizibo chake tunakining'iniza kwa kulabu za waya kwenye meno hayo. Kibogoyo hana pa kuning'iniza. Tena meno bandia ya kawaida ya kibogoyo hushika kwa sababu mate yanatanda kati ya akriliki na ufizi, na ukingo unafunga hewa isipite. Kaakaa likishatoboka, hewa inaingia kwa juu na ule mshiko unavunjika. Kinachobaki kukishikilia kizibo ni nusu ya kaakaa iliyosalia, tuta la ufizi, mifuko ya lile shimo lenyewe na kovu la ndani ya shavu. Basi kila sentimita ambayo daktari anaweza kuibakiza bila kuacha ugonjwa nyuma ina thamani kubwa kwangu. Kuuondoa uvimbe wote ndiko kunakotangulia, na hapo sina neno. Ila kuna mambo ambayo daktari wa upasuaji anaweza kuyafanya bila kuathiri usalama wa mgonjwa, na atayafanya kwa uhakika zaidi kama mtu wa meno bandia amekaa naye kabla.

Kabla ya upasuaji

Iwe mnatibiwa KCMC hapa Moshi au mmepewa rufaa ya Muhimbili, mwombeni daktari wa upasuaji wa kinywa, taya na uso amwite daktari wa meno bandia amwone mgonjwa kabla ya tarehe ya upasuaji. Ulizeni kwa heshima, lakini ulizeni: kaakaa litabaki kiasi gani? Ile sehemu ya mbele chini ya pua inaweza kubaki? Na kile kinundu cha ufizi kilicho nyuma kabisa? Ndani ya shavu mtaweka ngozi? Ngozi hiyo kwa kawaida huchukuliwa pajani. Inavumilia msuguano wa kizibo kuliko nyama tupu, na pale inapokutana na nyama ya shavu hutokea kovu kama ukanda ambalo donge la kizibo hukalia. Nimeona tofauti kwa macho yangu: mwenye ngozi hiyo kizibo chake kinakaa, asiye nayo kila siku ana kidonda.

Umbo la kinywa lichukuliwe kabla ya kukatwa. Daktari anaweka aljineti, rojo la kuchukulia umbo, kwenye trei, anaiingiza kinywani, inaganda ndani ya dakika chache, inatolewa, na mimi naimwagia plasta. Tunatoa sanamu mbili. Moja inatunzwa kama kumbukumbu ya jinsi kinywa kilivyokuwa, ya pili daktari anaichora kwa penseli mahali atakapokata, nami natengeneza kizibo cha kwanza juu yake.

Mleteni mgonjwa na meno yake bandia ya zamani, hata kama yamepasuka, hata kama ameyatupa kabatini kwa sababu yanambana. Mara nyingi tunaweza kuyageuza yawe kizibo cha kwanza, na hata yasipofaa yananionyesha urefu wa uso wake na mahali mdomo ulipozoea kukaa. Leteni pia picha. Picha ya kipaimara cha mjukuu, ambapo mzee amecheka bila kujua anapigwa, inanisaidia kuliko pasipoti saizi.

Kama kuna mizizi ya meno iliyobaki kwenye fizi na mgonjwa atapigwa mionzi ya kutibu uvimbe, swali la kuing'oa liamuliwe sasa, ili mashimo yapone kabla ya mionzi kuanza. Mfupa uliokwisha kupigwa mionzi hupona kwa shida, na kung'oa mzizi baadaye kunaweza kuuacha mfupa wazi kwa muda mrefu sana. Msikubali jambo hili lipite kimya kwa kuwa "mzee hana meno". Pigeni picha ya eksirei muone.

Kizibo cha kwanza

Hiki kinawekwa palepale chumba cha upasuaji. Kwa kibogoyo kinafungwa kwa skrubu ndogo, kwa waya au kwa nyuzi, na juu yake shimo linajazwa shashi yenye dawa. Mgonjwa anaamka akiwa na dari ya kinywa. Anaweza kumeza na kuongea ikaeleweka, na kwa mtu aliyetoka kupoteza nusu ya taya jambo hilo ni kubwa kuliko ninavyoweza kuliandika. Baada ya takriban wiki moja hadi siku kumi daktari mwenyewe anakifungua na kutoa shashi. Kabla ya hapo asikiguse mtu, hata kikitoa harufu. Kama hospitali mliyopo haitengenezi kizibo cha kwanza, mgonjwa atalishwa kwa mpira wa puani. Hapo swali lenu liwe ni lini mtapewa kizibo cha muda.

Kizibo cha muda, na kwa nini hakitakiwi kulala mezani

Hapa ndipo wengi wanapoharibikiwa. Kidonda kinapopona kinajikunja, na kwa wiki za mwanzo kinajikunja haraka. Kizibo kilichoingia vizuri Jumatatu, kikiachwa mezani siku kadhaa kwa sababu kinauma, kinaweza kisiingie tena. Kikiuma, rudini kliniki. Tutapunguza pale kinapochoma au tutabadilisha ile tabaka laini iliyo kwenye donge, na kazi hiyo mara nyingi inaisha siku hiyohiyo. Tabaka hilo tunalibadilisha tena na tena, kila baada ya wiki chache, tukilifuata shimo linavyobadilika. Msihesabu kwamba kazi ilikosewa. Ndivyo inavyotakiwa kwenda. Suala la kulala nacho au kukivua usiku mfuate anavyosema daktari wenu, maana hubadilika kadiri kidonda kinavyokomaa.

Kukivaa kuna namna yake. Mgonjwa akae wima mbele ya kioo, na mapajani awe na beseni lenye maji kidogo au taulo, ili kikiponyoka kisivunjike. Nawa mikono, lowesha kizibo. Donge ndilo linalotangulia: liingie kwa mshazari kuelekea shimo, kisha kizungushwe na kusukumwa juu kwa kidole cha shahada upande ule wenye mfupa. Asikisukume kwa kung'ata. Akiking'ata kabla hakijakaa, donge linachubua ukingo wa shimo na kesho hatataka kukigusa. Kukivua, kidole kishike ukingo upande wenye mfupa, kizibo kishuke upande huo kwanza, kisha donge litolewe kwa mshazari uleule.

Mfundisheni mgonjwa mwenyewe mapema, hata kama mikono inatetemeka. Binti au mkwe akizoea kumvalisha, siku akisafiri mzee anakaa na shimo wazi.

Usafi wa shimo unawatisha ndugu kuliko unavyomuumiza mgonjwa. Chemsha maji, yaache yapoe hadi uvuguvugu, tia nusu kijiko cha chai cha chumvi kwa glasi. Mgonjwa ainamie beseni, mdomo wazi, nawe uyasukume maji taratibu kwa bomba kubwa la sindano lisilo na sindano. Yatatoka puani na mdomoni, ni sawa. Makoko yaliyokauka yaloweshwe kwa shashi yenye maji hadi yaachie yenyewe. Ukiyabandua makavu damu itatoka. Na tafadhali, magadi yanayowekwa kwenye maharage yasiingie kwenye maji haya. Yanachoma nyama changa.

Kizibo chenyewe kisuguliwe kwa brashi laini na sabuni ya kawaida ya kuoshea vyombo, kila baada ya kula. Maji ya moto hapana, kwa kuwa akriliki inajikunja na haiponi. Majivu, mkaa na mchanga vinakwaruza, na kwenye mikwaruzo hiyo fangasi hukaa. Dawa za kung'arishia nguo zinaharibu lile tabaka laini. Kinapokuwa nje ya kinywa kikae ndani ya maji safi. Mkiona utando mweupe kinywani au mgonjwa analalamika kuwashwa, huenda ni fangasi. Daktari atatoa dawa kama nistatini, na kizibo lazima kisafishwe wakati huohuo, la sivyo ugonjwa unarudi kutoka kwenye akriliki.

Kula

Anza na maji kwa kijiko, mgonjwa akiwa wima, kichwa kikiangalia mbele. Akiinama mbele wakati wa kumeza, hata kizibo kizuri kinaweza kuvuja. Kikombe kidogo ni bora kuliko bilauri. Kata ya mbege isubiri: inataka mdomo upanuke na kichwa kibadilike mkao, na pombe inachoma kinywa kilichotoka kwenye mionzi.

Kwa bahati sisi watu wa mlimani chakula cha mgonjwa huyu tunacho tayari. Mtori wa ndizi mshare, nyama ikiwa imechemshwa hadi inaachana na kupondwa kabisa, unampa nguvu na hauhitaji meno. Siku za mwanzo uchuje na uongeze supu. Uji wa ulezi, parachichi lililopondwa, mayai ya kuchemsha yaliyosagwa kwenye maziwa, baadaye kiburu cha ndizi na maharage kilichopondwa laini. Ugali uje baadaye kwa matonge madogo yaliyolowa mchuzi, kwa kuwa unanata na kuvuta kizibo chini. Wali mkavu unapenya kwenye nafasi yoyote iliyo wazi na kwenda puani, kwa hiyo uwe bokoboko.

Mwenye meno bandia ya kawaida huambiwa atafune pande zote mbili. Huyu atafune upande wenye mfupa peke yake. Akitafunia upande uliokatwa, kizibo kinazama shimoni upande huo na kushuka upande wa pili. Mkumbusheni mezani kwa upole, na msimkumbushe mbele ya wageni.

Kufungua kinywa

Kovu na mionzi hukaza misuli ya kutafuna. Kinywa kikifunga, hakuna trei itakayoingia wala kizibo, na hapo tunalazimika kutengeneza vipande viwili vinavyoungana humo ndani, kazi ngumu na isiyo nzuri sana. Daktari akisharuhusu, mazoezi yaanze na yasiachwe wakati wa mionzi wala miezi inayofuata. Vijiti bapa vya mbao, vile vinavyotumika kukandamiza ulimi, vipangwe kimoja juu ya kingine kati ya fizi, mgonjwa ahesabu taratibu hadi thelathini, apumzike, arudie. Mara kadhaa kwa siku. Wiki ikipita jaribuni kuongeza kijiti kimoja. Maumivu ya kuvuta ni ya kawaida. Maumivu makali ni ishara ya kusimama na kuuliza.

Kusema

Kizibo kinaziba shimo, lakini ulimi unapaswa kujifunza kaakaa jipya. Shika kioo kidogo chini ya pua ya mgonjwa na mwambie aseme: papa, tata, kaka, sita, baba. Kioo kikiingia ukungu, hewa inavuja, na mimi natakiwa kujua inavujia wapi. Akisema mama au nani kioo kitaingia ukungu hata kwa mtu mzima wa afya, kwa hiyo msihukumu kwa maneno hayo. "S" ikipiga mluzi, mara nyingi ni jinsi nilivyopanga meno ya mbele, na inarekebishika.

Kisha asome kwa sauti kila siku. Gazeti, Zaburi, Kurani, chochote anachokipenda. Mzee mmoja wa Uru, mzee wa kanisa, alinishika mkono siku ya kipimo akaniuliza kwa karatasi, maana hakusikika: "Mwanangu, nitasoma tena somo ibadani?" Nikamjibu: "Baba, tuanze leo." Tulimpa kitabu chake cha nyimbo akasoma mistari polepole, mke wake akimrekodi kwa simu ili ajisikie. Kujisikiliza kunasahihisha haraka kuliko ndugu kumwambia "hatujakuelewa".

Wagonjwa wanaokata tamaa huwa nawasimulia habari ya Grover Cleveland, rais wa Marekani. Julai 1893 alikatwa sehemu ya taya la juu kwa siri ndani ya boti, akatengenezewa kizibo cha mpira mgumu, akaendelea kuhutubia. Umma haukupata ukweli kamili hadi 1917, alipokuwa amekwisha kufa. Vifaa vya wakati ule vilikuwa duni kuliko vya leo.

Kizibo cha kudumu

Kwa kawaida kinatengenezwa kati ya miezi mitatu na sita baada ya upasuaji, mionzi ikiwa imekwisha na nyama zimetulia. Wanaokwenda Ocean Road kwa mionzi wasafiri na kizibo cha muda kwenye kikopo chenye shashi iliyolowa, na wakirudi waje tuwaangalie kabla ya kuanza chochote.

Jipangeni kwa safari kadhaa. Umbo la kwanza. Umbo la pili, ambapo daktari anajenga ukingo na shimo kidogo kidogo kwa nta ngumu iliyopashwa moto huku mgonjwa akimeza na kugeuza kichwa. Kipimo cha kung'ata. Majaribio ya meno yakiwa kwenye nta. Kisha kukabidhiwa na marekebisho. Donge la kibogoyo lazima liwe na uwazi ndani, maana hakuna jino la kubeba uzito na kila gramu inavuta chini. Siku mkisikia maji yanacheza ndani ya donge, limepata ufa. Lileteni.

Siku ya majaribio kwenye nta njooni wawili au watatu wanaomjua mgonjwa tangu zamani. Mwangalieni akiwa kimya, akicheka, akihesabu. Nta inabadilishika kwa dakika chache, akriliki haibadiliki. Rangi ya meno achague mwenyewe. Wazee wa Arumeru waliokulia kwenye maji yenye floraidi nyingi, inayoyatia meno kahawia, pande za Maji ya Chai, wakati mwingine hukataa meno meupe. Wanataka ya rangi ya manjano au yenye kahawia kidogo, wafanane na kaka na dada zao. Nawatengenezea hivyo kwa moyo mmoja, na najua kuichanganya rangi hiyo.

Meno ya upande uliokatwa nayaacha yaguse kidogo sana. Ni ya kujaza shavu na uso.

Likiwa limekatwa taya la chini

Hapa hakuna shimo la kuziba, ila taya lililokatwa kipande kisichounganishwa huvutwa kuelekea upande uliokatwa. Mwenye meno anawekewa kwenye meno yake kifaa cha kuliongoza taya lifunge mahali pake. Kibogoyo anategemea mkono: mbele ya kioo aisukume kidogo kidogo ncha ya kidevu kuelekea upande mzima, afungue na kufunga hapo, kila siku, daktari akisharuhusu. Kwenye meno ya juu naweza kuongeza ukumbi mpana wa akriliki ili meno ya chini yapate pa kutua. Kama pengo limeunganishwa kwa mfupa wa mguuni au nyongani, ulizeni mapema juu ya vipandikizi, yaani skrubu zinazozamishwa kwenye mfupa ili zishike meno bandia, maana meno ya chini juu ya mfupa uliopandikizwa huelea sana bila kitu cha kuyashika. Na kama mfupa huo utapigwa mionzi, uamuzi wa vipandikizi ni wa madaktari wote kwa pamoja. Mdomo wa chini ukiwa umekufa ganzi, chai ipimwe kwanza kwa mkono wa ndugu.

Mambo ya kurudi nayo haraka

Damu isiyokatika, kidonda kinachozidi wiki mbili, mfupa unaoonekana, harufu mpya isiyoisha kwa usafi, au kinundu chochote. Kizibo kilichokuwa kinakaa kikaanza kusukumwa chini au kisiingie, msikipunguze wenyewe kwa kisu wala kukijazia gundi ya dukani. Huenda shimo limebadilika tu, na huenda uvimbe umerudi. Anayeweza kutofautisha ni daktari anayechungulia ndani. Shimo linalofunguliwa na kufungwa kwa kizibo lina faida hiyo moja: daktari anauona mzizi wa ugonjwa kwa tochi kila kliniki. Kwa hiyo msiruke kliniki hata mzee akiwa anakula na kucheka.

Na kizibo cha muda msikitupe mkishapata cha kudumu. Kiosheni, kikaguliwe kama bado kinaingia, kikae ndani ya kikopo chake. Cha kudumu kikivunjika Jumamosi jioni huko Tarakea, hicho ndicho kitakachomwezesha kula Jumapili.